Baridi ya kwanza Brighton, usijifungie ndani

Kila ikikaribia mwezi wa tisa napata meseji za watu wanaohamia Brighton, huku pwani ya kusini ya Uingereza, wengine wanakuja kusoma, wengine kazi za kutunza wazee, na swali huwa ni lile lile, nibebe jaketi gani. Jamani jaketi mtanunua hukuhuku. Mi nataka niwaambie kuhusu giza, manake ndilo lililonishinda mwaka wangu wa kwanza na hakuna mtu alikuwa amenitajia.

Nilitoka Mombasa nikijua naenda mji wa bahari kwa hivyo nitajisikia nyumbani. Nilifika mwanzo wa Oktoba, jua bado lipo, nikitoka kazini napita ufukweni naangalia maji. Halafu Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma kwa saa moja, na kesho yake natoka kazini nakuta ni usiku. Kufika tarehe 21 Desemba jua linatoka saa mbili asubuhi na saa kumi haijafika limeshazama, yaani adhuhuri, alasiri na magharibi zinafuatana mbio, ukikaa kidogo na chai, sala moja imekupita. Nikawa natoka nyumbani giza narudi giza, na siku ya ofu nalala mpaka saa saba mchana, nikiamka bado masaa mawili matatu tu ya mwanga nayo nayamaliza kitandani na simu. Zilienda wiki sita hivyo. Sikuwa mgonjwa, ila chakula sikitaki, simu za nyumbani sipokei, mpaka mama akadhani nimemkasirikia.

Kilichonitoa ndani ni ndege. Bibi mmoja jirani yangu, Mwingereza, alinigongea mlango saa tisa mchana akaniambia vaa viatu twende baharini. Tukasimama karibu na Palace Pier, lile gati refu la tangu 1899 lenye michezo ya watoto juu yake, na jua likianza kushuka wakaja kwezi, kundi juu ya kundi, maelfu, wakawa wanageuka wote kwa pamoja kama dagaa akipitiwa na nguru, kisha kwa ghafla wakajimwaga chini ya gati kulala. Watu wamesimama kimya na baridi yao. Mama alipiga simu palepale, nikapokea nikageuza kamera, akaangalia weee halafu akauliza mbona kwezi wao weusi hivi, wa kwetu wana buluu. Tuliongea saa nzima siku ile. Kwezi wanaonekana kuanzia Novemba mpaka Februari hivi, na ni bure.

Kwa hivyo ushauri wangu wa kwanza, na kama utashika mmoja tu shika huu: siku ya ofu toka nje kabla ya saa nane mchana hata kama mawingu yamejaa, hata nusu saa. Na ununue vitamini D, huduma ya afya ya huku inashauri kila mtu mikrogramu 10 kwa siku tangu Oktoba mpaka mwanzo wa Machi, na sisi wenye ngozi nyeusi tufikirie kutumia mwaka mzima. Mwavuli achana nao, upepo wa baharini utaupindua siku ya kwanza, tafuta koti lenye kofia.

Cha pili, fuateni kalenda ya mji, manake hawa watu giza lao wamelipangia mambo. Tarehe 5 Novemba ni usiku wa moto na fataki nchi nzima, na mji jirani wa Lewes ndio wanaofanya kwa nguvu kuliko wote, wanaandamana na mienge na kubeba misalaba 17 inayowaka kuwakumbuka Waprotestanti waliochomwa pale miaka ya 1550. Usitegemee treni, jioni ile huwa hazisimami Lewes. Na kama unaishi na mtu aliyekimbia vita mwambie mapema. Mwenzangu wa kazini anatoka Bukavu, milio ile ilipoanza alijifungia bafuni na watoto na hakuna aliyekuwa amemweleza, mpaka leo inaniuma.

Sherehe ninayoipenda zaidi ni ya tarehe 21 Desemba, inaitwa Burning the Clocks, imeanza miaka ya tisini. Watu wanatengeneza taa kwa fito na karatasi nyembamba, wanaandamana nazo mjini mpaka ufukweni na kule wanazichoma, usiku mrefu kuliko yote. Ulizia kwanza kama mwaka huo ipo, kuna miaka haikufanyika. Mi nilitengeneza yangu kama jahazi, na nikiitazama inawaka nililia, sioni haya kusema.

Krismasi treni hazitembei kabisa, nunua chakula mapema. Asubuhi ile utaona watu wanaingia baharini kuogelea, ni desturi ya zamani, chama chao cha kuogelea kipo tangu 1860. Wewe usiwaige hata kama umekulia Nyali. Maji ya baridi vile yanakukata pumzi ukiingia ghafla, ufukwe ni kokoto tupu na unashuka kwa ghafla, hatua chache tu maji yameshakufika shingoni. Subiri Agosti, maji yakipwa utaona na mchanga.

Nguo usianike juu ya hita na madirisha yamefungwa, ukuta utaota ukungu na kifua kitakusumbua, fungua dirisha kidogo hata kama unaona uchungu wa bili. Na chipsi ukila ufukweni kaa mgongo ukutani, shakwe wa Brighton wanakuja kwa nyuma.

Fito na karatasi za taa anza kuzitafuta Novemba. Anayetaka tutengeneze pamoja aniambie, jiko langu lina meza kubwa.