Maswali yenu: ndege za kivita juu ya mabati yetu hapa Goma

Kwa nini rubani ashuke chini hivyo? Si analengwa kirahisi? (Mwanafunzi, Himbi)

Anaikwepa rada. Mawimbi yake hunyooka, dunia imejipinda. Ndege ikiwa mita 10,000 juu yaweza kuonwa toka zaidi ya kilomita 400. Ikishuka hadi mita 60, hata kwenye tambarare, haionekani mpaka ibaki kama kilomita 45. Kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa, mwenye mzinga ana dakika 3 tu. Kwenye vilima vya Masisi hupata pungufu zaidi.

Basi mbona wengine huruka juu sana? (Dereva, Ndosho)

Kwa sababu chini kuna bunduki, kaka. Mwaka 1973, katika vita na Misri na Syria, marubani wa Israeli walishuka kuyakimbia makombora ya SA-6 yanayorushwa toka ardhini, wakakutana na Shilka, mzinga wa mitutu 4. Vita ile iliwala ndege kama 100. Mwaka 1991 Waingereza walipitisha ndege zao za Tornado chini kabisa kushambulia viwanja vya ndege vya Iraki. Kadhaa ziliangushwa siku za mwanzo, wakahamia juu. Waliweza kupanda kwa kuwa ulinzi mkubwa wa Iraki ulikuwa umeshavunjwa. Asiyeweza kuuvunja hubaki chini: tangu 2022, ndege za mashambulizi za Su-25 za Ukraine na za Urusi hupita juu kidogo tu ya miti.

Milima yetu inamlinda rubani? (Mwalimu, Sake)

Nusu nusu, mwalimu. Inamficha kwa rada, lakini inampandisha anayemwinda. Kombora la begani kama Igla hufika takriban mita 3,500 kwenda juu, na hesabu huanzia pale mfyatuaji aliposimama. Goma iko kama mita 1,500 juu ya bahari; aliye kwenye kilima cha mita 2,500 ameshapata mita 1,000 za bure. Hapa kwetu, Januari 2023, Su-25 ya jeshi letu ilipigwa kombora ikiwa hewani, ikafanikiwa kutua uwanjani. Rwanda ilisema ilivuka mpaka, Kinshasa ikakana.

Na ile mioto inayomwagwa? (Huyo huyo)

Chambo. Kombora linalofuata joto la injini liifuate mioto, liiache ndege.

Watoto hukimbilia nje kupiga video. (Mama, Birere)

Mama, warudishe ndani, tafadhali. Masasi yaliyopigwa juu hurudi chini, na kombora lililokosa lazima lianguke mahali. Mbao na mabati havizuii kitu. Walale sakafuni, mbali na dirisha. Kama jirani ana ukuta wa mawe, ombeni kujificha nyuma yake.