Muuzaji amenirudishia arubuni, je, sina tena la kudai?

SWALI: Ndugu mwanasheria, nilikubaliana na jirani yangu aniuzie gari lake kwa shilingi 12,000,000. Nilimpa arubuni ya shilingi 4,000,000, tukaandikishana mbele ya mashahidi wawili kwamba salio ningelimaliza siku ya kukabidhiwa gari na kadi yake. Siku ilipofika alinirudishia fedha zangu zote, akasema amepata mtu wa kumpa zaidi. Je, nina haki gani?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, kurudishiwa arubuni peke yake hakufuti haki yako, isipokuwa kama ulitia saini kwamba huna madai mengine. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka mauziano ya shilingi 200 au zaidi (kiwango cha enzi hizo!) yathibitishwe kwa maandishi, au kwa arubuni, au kwa mnunuzi kupokea sehemu ya bidhaa, wewe unayo maandishi na arubuni pia.

Najua unachotaka ni gari lenyewe. Mahakama inaweza kuamuru likabidhiwe, lakini hiyo ni hiari yake, na kwa gari la kawaida ambalo mfano wake unapatikana kwa wauzaji wengine, hakimu kwa kawaida huona fidia inatosha. Fidia hiyo hupimwa kwa tofauti kati ya bei mliyokubaliana na bei ya soko ya siku uliyopaswa kukabidhiwa: gari kama hilo likiwa linauzwa shilingi 13,500,000, unadai 1,500,000. Bei aliyopewa na mnunuzi wa pili ni ushahidi wa bei ya soko, wala si kipimo chenyewe. Na ikiwa sokoni bado linauzwa 12,000,000, ushindi wako utakuwa wa jina tu, kwa hiyo fanya hesabu kabla ya kulipia wakili.

Usikimbilie polisi, kwani kuvunja ahadi ya kuuza ni shauri la madai, labda kama alikusudia kukulaghai tangu mwanzo. Mwandikie barua ya madai yenye siku za kujibu, na uhifadhi nakala. Muda wa kufungua shauri la mkataba ni miaka 6, lakini kama gari bado liko kwake na unalitaka, omba mahakamani mapema zuio la muda, yaani amri ya kumkataza asiliuze hadi shauri liamuliwe, kwa sababu mtu atakayelinunua kwa nia njema na kukabidhiwa, bila kujua habari zako, anaweza kulipata kihalali, nawe utabaki na madai ya fedha dhidi ya jirani yako.