Anayekataa hufanywa nini?

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama nchi yenye dini rasmi inaweza kulinda haki za kila raia. Inaweza. Uingereza mfalme ndiye mkuu wa Kanisa la nchi, na maaskofu 26 wana viti bungeni, lakini asiyeamini Mungu haulizwi na mtu. Umoja wa Kisovieti haukuwa na dini rasmi, na mwaka 1931 serikali yake ililipua Kanisa Kuu la Kristo Mwokozi, Moscow. Kwa hiyo mimi hupima kwa swali jingine: anayekataa hufanywa nini?

Chukueni Marekani, ambako tangu 1791 katiba inalikataza bunge kuweka dini ya taifa. Watoto wa Mashahidi wa Yehova walikataa kuipigia saluti bendera, kwao ikiwa ni kuabudu sanamu, wakafukuzwa shule. Mwaka 1940 Mahakama ya Juu, kwa majaji 8 dhidi ya 1, ikasimama na shule: umoja wa taifa kwanza. Baada ya hukumu hiyo Mashahidi wakapigwa na makundi ya watu sehemu mbalimbali, wakiitwa wasaliti. Hapo hapakuwa na askofu wala sheikh aliyeshika dola. Uzalendo peke yake ulitosha.

Mwaka 1943, Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikiwa bado imepamba moto, mahakama hiyohiyo ikatengua uamuzi wake kwa kura 6 dhidi ya 3. Jaji Robert Jackson akaandika kwamba hakuna ofisa, awe mkubwa au mdogo, mwenye mamlaka ya kuwapangia watu msimamo ulio sahihi katika siasa, uzalendo au dini. Ninachoipendea hukumu hiyo ni kwamba iliegemea uhuru wa kusema, si upendeleo kwa watu wa ibada, hivyo kinga yake ikamfikia hata asiye na dini yoyote.

Tamko la Haki za Binadamu la 1948, ibara ya 18, linataja wazi haki ya kubadili dini. Serikali nyingi huisifu ibara hiyo mpaka zifike kwenye neno hilo.

Mipaka ipo, sikatai. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa wa 1966 unaruhusu sheria izuie matendo ya kidini kwa ajili ya afya au haki za wengine, ila imani yenyewe haiguswi. Mtu mzima akikataa kuongezewa damu kwa sababu ya imani yake, hayo ni yake. Akimkatalia mtoto wake anayekaribia kufa, hapo serikali iingie, na iingie mapema.