Charger ya nani? Maneno kwa wanaofungua boksi la kwanza

Jumamosi iliyopita niliwakaribisha vijana watatu bezimenti kwangu, hapa Michigan, waje tujenge pamoja modeli za plastiki za magari ya Kimarekani ya zamani. Kufika saa kumi jioni mmoja alikuwa ameshabandika kioo cha mbele cha Plymouth 'Cuda kwa supagluu, na kioo kimeota ukungu mweupe kama dirisha la daladala siku ya mvua. Wa pili alikuwa amepuliza laka juu ya enameli ya jana yake, boneti ikajikunja kama malai juu ya maziwa yaliyopoa. Wa tatu, na huyu ndiye aliyenimaliza, alikuwa ameshika Dodge Charger yenye taa za nyuma za duara, zile za 1968. Nikamuuliza, ya mwaka gani hiyo? "Sitini na tisa, kaka." Nikapanda juu kuchemsha chai, maana ningebaki pale ningesema neno.

Kule jikoni hasira ikapoa, kwa sababu makosa yote matatu nayajua kwa majina. Ni yangu. Nimeyafanya kwa pesa yangu, mengine mara mbili. Kwa hiyo wadogo zangu, haya niliyoshindwa kuyasema Jumamosi nayaandika leo.

1. Osha. Matawi yote, yaani fremu zinazoshikilia vipande, bodi, kila kitu, maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kabla hujakata hata kipande kimoja. Yale mafuta ya kiwandani yanayotumika kutoa plastiki kwenye umbo yanabaki juu yake, na rangi haishiki kwenye mafuta. Sitalirudia hili.

2. Jua skeli yako. Skeli ni modeli kuwa ndogo mara ngapi kuliko gari halisi. Kwa watengenezaji wa maboksi, AMT ni 1/25, Monogram wa zamani ni 1/24, Revell utaona nambari pembeni ya boksi. Msiniambie "tofauti ni ndogo". Charger ya 1969 ina urefu wa inchi 208. Kwenye 1/25 hiyo ni milimita 211, kwenye 1/24 ni milimita 220. Milimita tisa! Ndiyo maana yule aliyeazima rimu za boksi la Monogram akazivalisha Chevrolet Chevelle ya AMT, gari lake linaonekana limevaa viatu vya babake. Na kwa wanaojenga 1/25 kuna zawadi: inchi moja ya gari halisi ni karibu sawasawa na milimita moja ya modeli. Rimu ya inchi 14, pima milimita 14. Nenda Woodward, ile barabara ya Detroit ya maonyesho ya magari ya zamani, mwezi wa nane na tepu yako mfukoni, omba ruhusa kwa mwenye gari, pima, andika. Wazee wa magari yale wanapenda kuulizwa kuliko wanavyopenda kusifiwa.

3. Rangi. Enameli na laka ni aina mbili za rangi. Enameli inakubali kukaa juu ya laka iliyokauka. Laka juu ya enameli haikubali, inaichemsha kutoka chini. Laka kali juu ya plastiki tupu isiyo na praima inaila. Plastiki nyekundu hupenya mpaka juu ya rangi nyeupe na kuifanya ya waridi, kwa hiyo ifunge kwanza kwa praima ya fedha. Haya matatu yatundike ukutani.

Halafu unene. Ukiweka tabaka la rangi la milimita 0.1, ambalo kwa jicho lako ni kidogo tu, kwenye gari halisi hiyo ni milimita 2.5. Hakuna kiwanda Detroit kilichopaka gari namna hiyo, hiyo ni chapati. Mistari ya milango inajaa, maandishi ya ubavuni yanazama. Pulizia tabaka nyembamba na uwe na subira. Mimi siku hizi napuliza Ijumaa usiku na kulala, maana nikibaki macho mkono utanishinda nitaigusa.

Na acheni kugombana juu ya majina ya rangi. Juzi wawili karibu wakunjane kwa sababu mmoja anasema Hemi Orange na mwenzake anasema Tor-Red. Mwaka 1970 rangi ni hiyohiyo moja, namba ya kiwandani EV2. Dodge waliiita Hemi Orange, Plymouth, ndugu zao ndani ya Chrysler, wakaiita Tor-Red. FC7 vilevile: Plum Crazy kwa Dodge, In-Violet kwa Plymouth. Soma namba, jina ni la kuuzia tu.

4. Chagua gari moja. Simaanishi aina ya gari, namaanisha gari lenyewe, lenye mwenyewe. Hapa mtanivumilia.

Nina jirani, mzee aliyestaafu kiwanda cha magari. Mwaka 1969, akiwa na miaka 22, alinunua Charger R/T mpya, toleo la mbio, kijani kiza, injini ya inchi za ujazo 440. Aliiuza 1974, mafuta yalipokuwa yamepanda na nyumba imejaa watoto. Kila nilipomsaidia kuondoa theluji mlangoni alinisimulia gari lile, na kila mara alimalizia kwa kutikisa kichwa kama mtu aliyeuza shamba la baba yake. Nikaamua nitamjengea. Na nikaamua iwe siri, nimshtukize siku ya kuzaliwa kwake.

Hapo kwenye siri ndipo nilipojiroga. Kwa kuwa ilikuwa siri, sikuuliza kitu. Nilikwenda Woodward, nikamkuta bwana mmoja na Charger R/T ya kijani, mwaka huohuo, imekarabatiwa inang'aa mpaka chini. Nilipiga picha mia na arobaini. Boneti ilikuwa wazi, injini ya machungwa. Rimu ni Magnum 500 zinazometameta, paa limevalishwa vinili nyeusi, mkiani mistari ya R/T. Nikasema nimepata kila kitu.

Nilijenga miezi saba. Nilichonga mishono ya vinili kwa nyuzi za plastiki zilizovutwa juu ya mshumaa. Niliweka zulia la unga wa nyuzi, waya za plagi, hata kebo ya betri yenye kutu kidogo kwenye ncha. Chini ya sakafu nilipulizia rangi ya bodi ikififia kuelekea katikati, kama mtu wa kiwandani aliyekuwa na haraka. Mke wangu alianza kuita ile meza "kwa mke mwenzangu".

Siku ikafika. Nikavuka barabara na kiboksi kilichofungwa utepe. Mzee akavaa miwani, akaigeuza huku, akaigeuza kule, akafungua boneti kwa ukucha wa kidole kidogo. Akakaa kimya muda mrefu kiasi kwamba nilifikiri anazuia machozi. Kisha akasema, kwa upole kabisa, "Kazi nzuri sana. Ya nani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akainuka, akafungua droo iliyo chini ya televisheni, ile droo ambayo nimekaa mbele yake nikitazama mpira labda mara hamsini, akatoa kopo la biskuti. Ndani mlikuwa na picha kumi na moja. Picha ya tatu ni yeye, kijana, masharubu, ameegemea gari lililofunguliwa boneti, kitambaa mkononi. Injini ilikuwa feruzi. Rangi ya bahari ya Kigamboni saa sita mchana. Rimu za chuma za kawaida, zenye vile vikofia vidogo vya katikati. Paa ni rangi tupu, hakuna vinili. Mkiani hakuna mstari hata mmoja, aliagiza bila mistari kwa sababu, alivyosema, hakutaka polisi wamwone kwa mbali.

Nikakaa chini. Ningejua, wallahi, ningelijua lile la injini bila picha yoyote. Mwaka ule 440 ya R/T ilitoka kiwandani ikiwa feruzi. Machungwa ilikuwa ya injini nyingine, 426 Hemi. Yule bwana wa Woodward aliipaka machungwa kwa sababu aliipenda machungwa, na gari ni lake, nani amzuie? Mimi ndiye niliyelichukua pambo lake nikaliita historia. Picha mia na arobaini, zote sahihi, za gari la mtu mwingine.

Haikuishia hapo, kwa kuwa mjinga haishiwi. Nilimwomba mzee anirudishie, nikisema nitairekebisha wiki mbili tu. Nikatumbukiza bodi kwenye ile dawa ya zambarau ya kuondoa grisi ili rangi ivuke. Rangi ilivuka vizuri. Ila kioo cha mbele nilikuwa nimekibandika kwa gundi ya plastiki, kwa wingi, kama mtu anayejenga daraja, na sasa kilibaki kinachungulia kimejaa madoa. Nikakisukuma kwa kidole gumba kutoka ndani. Nikasikia "ta!" Sauti ndogo, kama kijiti cha meno. Nguzo ya kushoto ya kioo, ile nyembamba, imekatika mara mbili, na kipande cha katikati kimerukia ninapojua mimi na Mungu. Nilitafuta kwa tochi mpaka saa nane usiku, nikiwa nimepiga magoti na shavu limegusa zulia. Mpaka leo sijakipata, na nikifagia bado naangalia.

Nikanunua boksi jingine. Safari hii nilikaa kwa mzee Jumapili tatu na daftari. Nilimuuliza kila kitu: redio ilikuwa ipi, tairi zilikuwa na mstari gani, kile kidoa kwenye bampa la nyuma ni kutu au ni picha. Ilikuwa kutu. Nikakipaka. Miezi minne baadaye nikavuka barabara tena. Akafungua boneti kwa ukucha uleule, akaona feruzi, akamwita mkewe kutoka jikoni. Mama akaja akifuta mikono, akainama, akaangalia, akasema: "Hiyo ndiyo iliyokuwa inanitapisha nina mimba." Akarudi jikoni. Sijawahi kushinda kombe lolote linalofikia hilo.

Ile ya kwanza, isiyo na nguzo, iko juu ya benchi langu, na injini yake ya machungwa. Mkija mnaiona, mnadhani ni uchafu sijatupa.

5. Waya za plagi. Waya halisi ya enzi zile ni milimita 7, kwa hiyo kwenye 1/25 unatafuta ya milimita 0.28 hivi. Ya milimita 0.5 mnayonunua ni mpira wa kumwagilia bustani. Na zipelekeni zinakotakiwa: Chevrolet V8 na 440 zote faringi oda, yaani mpangilio wa silinda kuwaka, ni 1-8-4-3-6-5-7-2, ila distribyuta, ile inayogawa umeme kwa plagi, ya Chevrolet iko nyuma na inazunguka kufuata saa, ya 440 iko mbele na inazunguka kinyume. Kuna siku mzee mmoja kwenye meza ya maonyesho alitazama injini yangu sekunde tano akaniambia, "Hii haiwaki." Alikuwa na haki. Rangi za injini nimeshawaeleza kwa machozi, naongeza tu kwamba Chevrolet ni machungwa, na Ford kuanzia 1966 ni buluu.

6. Kromu ya boksi ikiwa na mshono katikati ya bampa, itumbukize kwenye jiki, itavuka yenyewe, kisha piga msasa, upake upya. Foili ya pembeni mwa madirisha ikatwe kwa wembe mpya, si ule wa jana. Na kwa maandishi ya ubavuni: bandika foili juu yake kabla ya kupuliza rangi, ukimaliza sugua kidogo kwa kijiti chenye thina, herufi zinachomoza zenyewe zikiwa fedha. Hii ilinichukua miaka sita kuijua na mmeipata bure.

7. Vioo. Gundi nyeupe ya mbao, ile ya watoto wa shule. Supagluu inatoa moshi unaotia ukungu vioo. Na mkiisoma hadithi ya nguzo yangu vizuri mtaona kwamba gundi nyeupe ingetoka kwa maji.

8. Magurudumu manne yaguse meza. Yote. Mkipenda wekeni modeli juu ya kioo cha kujitazamia mjipime wenyewe. Na tairi za vinili za maboksi ya zamani sana msiziache zigusane na rimu za plastiki bila rangi, zinaziyeyusha polepole. Nina Pontiac GTO moja imekaa kabatini, ukiinyanyua tairi zinakuja na rimu kama chingamu.

Sasa wewe mwenye taa za duara. Najua ulizitoa kwenye boksi la 1968 kwa sababu ni nzuri. Ni nzuri kweli, sibishi. Lakini shoo ya mbele umeiacha ya 1969, ile yenye kigawanyo katikati, na taa ndogo za ubavuni ni za mstatili, wakati za 1968 ni duara. Jumamosi ijayo njoo na shoo isiyogawanywa na uzibe zile za ubavuni tuchonge duara, iwe 68 kamili, au rudisha taa ulikozitoa. Ila kabla ya yote njoo na jibu la swali la mzee.

Nafungua saa nne. Chai itakuwepo, maandazi pia. Supagluu iacheni kwenu.