Mashine ya kushtua moyo shuleni ni ya nini?
Umeuliza shule ina haja gani na mashine hiyo, inayoupiga moyo uliosimama ghafla shoti ya umeme ili upige tena sawasawa, wakati moyo ni ugonjwa wa wazee. Hapana, ndugu yangu. Moyo wa mtoto unaweza kusimama ghafla kwa hitilafu ya umeme wake aliyozaliwa nayo, au hata mpira mgumu ukimgonga kifuani. Oliver King alikuwa na miaka 12 tu alipoanguka kwenye mashindano ya kuogelea shuleni, Liverpool, 2011, akafa kwa moyo kusimama ghafla. Baba yake, Mark, akapiga kelele miaka nenda rudi shule ziwe na mashine hizi, hadi 2022 serikali ya Uingereza ikaahidi mashine kwa shule za umma zisizokuwa nayo.

Wala huhitaji daktari. Ukiiwasha inaongea yenyewe, inakuelekeza ubandike wapi vibandiko vyake, na haishtui moyo usiohitaji. Kila dakika inayopita bila kukandamiza kifua wala kushtua, nafasi ya kupona hushuka kwa asilimia 7 hadi 10. Ndiyo maana mimi naiogopa zaidi ile iliyofungiwa ofisini, mwenye ufunguo kaenda kunywa chai! Mpango uamuliwe mapema: nani anakandamiza, nani anapiga namba ya dharura 999, nani anaikimbilia mashine.