Kilo 15 Zilizonitoka, na Siku Niliyoshindwa Kuinuka Kwenye Mbuzi

Juzi nimepokea ujumbe wa dada mmoja wa Malindi, anayeniambia kwamba ameingia wiki ya sita ya sindano ya semaglutaidi, madera yake yote yanampwaya, na siku nyingine hushinda kwa chai ya rangi na tende mbili bila kuhisi njaa. Ameniuliza afanye nini ili uzito uendelee kushuka kwa kasi hiyohiyo. Nimeusoma ujumbe wake mara tatu, kwa kuwa miaka miwili iliyopita ningeweza kuuandika mimi mwenyewe, kwa furaha ileile. Kabla sijamjibu, namwomba anisikilize kwanza.

Nilianza dawa hii nikiwa na umri wa miaka 46 na uzito wa kilo 96. Sukari ilikuwa imeanza kupanda, magoti yaliniuma kila nilipozipanda ngazi za nyumba yetu hapa Mkomani, Lamu, na daktari niliyekuwa nikimwendea Mombasa aliona kwamba inanifaa. Semaglutaidi, ambayo wengi wanaijua kwa majina ya Ozempic na Wegovy, huiga homoni inayotolewa na utumbo baada ya mtu kula: huchelewesha chakula kutoka tumboni na huutuliza ubongo usidai kingine. Hudungwa mara moja kwa wiki, na kipimo huanza na miligramu 0.25 kisha hupandishwa polepole. Miezi ya kichefuchefu siisimulii, kwani aliyeipitia anaijua. Baada ya miezi 11 nilikuwa na kilo 81.

Nilijivuna, na sioni sababu ya kulificha hilo. Katika arusi moja ya Langoni wanawake walinizunguka wakiniuliza siri yangu. Walikuwapo pia waliosema pembeni, kwa sauti niliyoisikia vizuri, kwamba huo ni mwili wa sindano wala si jasho langu. Neno hilo liliniuma, na hadi leo linaniuma. Naamini ndilo lililonifanya niitazame mizani kila asubuhi kuliko nilivyokitazama kitu kingine chochote, kana kwamba kila kilo iliyotoka ilikuwa jibu kwao.

Ijumaa moja niliketi kwenye mbuzi kukuna nazi mbili za wali. Nilikikuna kifuu cha mwisho hadi kikawa cheupe, nikalisogeza sinia la nazi iliyokunwa, kisha nikataka kuinuka. Magoti hayakuuma hata kidogo, bali mapaja yalikataa kunipandisha. Nilijaribu tena nikiwa nimeshika ukuta, chokaa ikanibaki viganjani, na bado nikarudi chini. Mwishowe binti yangu alinivuta kwa mikono miwili. Mavyaa wangu, aliyekuwa na umri wa miaka 71, alikuwa ameketi jikoni akiyatazama yote hayo. Hakusema neno. Aliketi kwenye mbuzi ileile, akaikuna nazi ya tatu iliyokuwa imebaki, kisha akasimama na sinia mkononi bila kushika popote. Usiku ule nililia, kwa sababu nilielewa kwamba nilipokuwa na kilo 96 nilikuwa nikiinuka pale mwenyewe.

Mwili unaponyimwa chakula cha kutosha hauchomi mafuta peke yake, bali huvunja na misuli. Katika utafiti mkubwa wa semaglutaidi uliochapishwa mwaka 2021, watu waliotumia miligramu 2.4 kwa wiki 68 walipunguza wastani wa karibu asilimia 15 ya uzito wao. Baadhi yao walipopimwa kwa mashine inayotenganisha mafuta na sehemu nyingine za mwili, ilionekana kwamba takriban asilimia 40 ya uzito uliotoka haikuwa mafuta. Si yote hiyo ni misuli, maana humo mna maji na viungo vingine, lakini misuli ni fungu kubwa. Kupungua huko hutokea kwa njia nyingine za kupunguza uzito pia, kwa hiyo siilaumu dawa. Ninachokilalamikia ni kwamba kwa miezi 11 nilipongezwa kila nilipopanda mizani, na hakuna hata mmoja kati ya waliolipwa kunitibu aliyewahi kuniuliza nimekula nini au kama ninaweza kuinuka kitini.

Mtaalamu wa viungo niliyempata baadaye alinipa kipimo chepesi kuliko vyote nilivyowahi kupimwa. Alinikalisha kwenye kiti cha kawaida, akaniambia nikunje mikono kifuani, nisimame na kukaa mara tano upesi kadiri niwezavyo. Nilitumia sekunde 19. Akaniambia kwamba zaidi ya sekunde 15 ni dalili ya miguu iliyodhoofika. Nilimjibu kwa hasira kwamba kila jioni natembea hadi Shela na kurudi, na hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo ningependa kila mwanamke wa Lamu alijue: kutembea kunaufaa moyo na sukari, lakini msuli hushikiliwa na uzito unaoongezwa kidogokidogo. Msuli usiobebeshwa kitu wakati mwili una njaa huwa wa kwanza kuachwa.

Sikununua vyombo vya mazoezi. Nilichukua dumu la maji, kwa kuwa lita moja ya maji ni kilo moja na hesabu haina taabu. Nilianza na lita 5, nikilikumbatia kifuani huku nikiinuka kitini mara nane, nikipumzika, nikirudia hadi mizunguko mitatu. Nilifanya hivyo siku tatu kwa wiki, pamoja na kuusukuma ukuta kwa mikono na kulivuta dumu kutoka sakafuni hadi kiunoni. Nilipoona ni jepesi niliongeza lita 2. Miezi ile ilikuwa mirefu na haina la kusimuliwa. Wiki iliyopita nililipandisha dumu la lita 20 hadi darini bila kutua njiani, na kipimo changu cha kiti sasa ni sekunde 11.

Chakula ndicho kilichokuwa kigumu zaidi, kwa sababu hamu haipo. Wataalamu wengi humshauri anayepunguza uzito apate gramu 1.2 hadi 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku, na mwenye maradhi ya figo amwone daktari wake kwanza. Kwangu mimi mwenye kilo 81, uchache wake ulikuwa kama gramu 97, ilhali nilipohesabu siku zangu za chai na nusu hamri sikufika hata 30. Basi kula samaki kwanza. Kabla ya wali, kabla ya mkate wa mofa, kabla ya tunda, kula samaki kwanza, kwani tumbo litajaa baada ya tonge chache na hizo chache ndizo zenye kazi. Gramu 100 za nguru aliyepikwa zina gramu 20 za protini au zaidi, mayai mawili yana kama 12, na kunde, pojo na mtindi huongeza. Siku ya kichefuchefu, kunywa mtindi kidogokidogo, na ukiweza vipande viwili vya changu kwenye mchuzi mwepesi, kula samaki kwanza.

Dada yangu wa Malindi, kushinda na tende mbili si mafanikio, na nakusihi usijisifu kwayo mbele ya wenzako, kwani wanakusikia na wataiga. Usiseme kwamba utajenga misuli baadaye utakapoacha sindano. Watu wa utafiti ule walioacha dawa walirudisha kama theluthi mbili ya uzito waliopunguza ndani ya mwaka mmoja, na mwili haukuahidi kukurudishia misuli kwa kiasi kile ulichoitoa. Mwambie daktari wako kwamba huli, ili aamue kama kipimo cha dawa kisipandishwe kwanza. Kabla ya sindano ya wiki hii, weka kiti ukutani, kunja mikono kifuani, mtu akushikie saa, usimame na kukaa mara tano, kisha uniandikie ni sekunde ngapi.