Jibu: Taa za xenon za 6000K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga) kwenye Toyota IST, zinafaa?
Mkuu, achana na hiyo 6000K, inapendeza machoni tu. Mvua ikishuka Kimara usiku utaitafuta lami. Chukua 4300K, wati 35. Za wati 55 zinaweza kuunguza rifleta (kioo cha ndani ya taa kinachorudisha mwanga).

Ila rifleta ya halojeni (balbu za kawaida) hutawanya mwanga wa xenon na kumpofusha anayekuja mbele. Bila projekta (lenzi inayoelekeza mwanga), baki na halojeni nzuri.

Fundi achomoe hasi ya betri kwanza, maana balasti (kifaa kinachowasha xenon) hutoa volti zaidi ya 20,000 inapowasha. Kioo cha balbu kisiguswe kwa vidole. Umeme utoke betri moja kwa moja kupitia rilei (swichi ya umeme) na fyuzi ya ampea 20, la sivyo taa zinaweza kupepesa. Kurekebisha taa, simamisha gari mita 5 kutoka ukutani; mstari wa juu wa mwanga wa dimu (taa ya chini) ushuke sentimita 5 chini ya kimo cha taa.